Fedha za nishati jadidifu duniani na sisi wa kanda ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara, wakulima, vikundi na watendaji wa halmashauri wa Dodoma, Singida na jirani zake. Takwimu za uwekezaji wa dunia ni za Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), isipokuwa pale ilipotajwa vingine. Bei za vifaa na riba zilizo kwenye mifano ni za kufanyia hesabu tu. Toa hizo, weka za kwako.

Ni fedha kiasi gani zinaingia kwenye nishati duniani kwa sasa?

Makadirio ya IEA kwa mwaka 2025 ni dola trilioni 3.3 kwa nishati ya kila aina. Kati ya hizo, trilioni 2.2 zinakwenda kwenye kinachoitwa nishati safi na trilioni 1.1 kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe. Umemejua peke yake unachukua takriban dola bilioni 450, na hakuna kipengele kingine kimoja kinachoufikia. Betri za kuhifadhi umeme zimefika bilioni 66.

Angalia neno "safi" kabla ya kunukuu. Ndani yake mna nyuklia, njia za kusafirisha umeme, magari ya umeme na matumizi bora ya nishati majumbani na viwandani. Ukisikia mtu jukwaani anasema "trilioni mbili zimewekezwa kwenye jua na upepo", ujue amechanganya mafungu.

Mabadiliko ya miaka kumi ndiyo yanayosema zaidi. Mwaka 2015 fedha za kuchimba na kuandaa mafuta, gesi na makaa zilizidi fedha za umeme (uzalishaji, gridi na hifadhi kwa pamoja) kwa karibu asilimia 30. Leo mzani umegeuka: umeme unapata trilioni 1.5, nusu zaidi ya mafuta, gesi na makaa.

Kwa nini jua limeziacha nyingine mbali hivyo?

Bei. Kwa hesabu za Wakala wa Kimataifa wa Nishati Jadidifu (IRENA), gharama ya uniti moja (kilowati-saa) kutoka mitambo mikubwa ya jua imeshuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2023, mpaka kufikia kama senti 4.4 za dola. Viwanda vya China, ambavyo vina zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli, vilipanuliwa kupita mahitaji, na mwaka 2023 bei ya paneli ikaanguka kwa karibu nusu. Mwaka 2024 dunia iliongeza gigawati 585 za nishati jadidifu, na 452 kati yake zilikuwa za jua.

Betri zimefuata njia hiyohiyo. Kampuni ya utafiti ya BloombergNEF iliweka wastani wa bei ya pakiti ya lithiamu kuwa dola 115 kwa kilowati-saa mwaka 2024. Mwaka 2010 ilikuwa juu ya dola 1,000.

Na Afrika inapata kiasi gani?

Kama asilimia 2 ya uwekezaji wa nishati safi, wakati ina watu karibu mmoja kwa kila watano duniani. China peke yake inachukua karibu theluthi moja ya uwekezaji huo wa nishati safi.

Ila takwimu hiyo ina tundu. Inanasa vizuri miradi yenye mikataba na benki, lakini inapitwa na fundi wa Majengo aliyeagiza paneli arobaini kupitia Kariakoo akazifunga kwenye maduka. Kituo cha utafiti cha Ember kilipohesabu paneli zinazotoka China kwenda Afrika, kilikuta megawati 15,000 hivi katika miezi 12 iliyoishia Juni 2025, ongezeko la asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Pakistan ilionyesha jambo hili kwa ukubwa zaidi: mwaka 2024 iliagiza paneli za gigawati 17 hivi, nyingi zikiishia juu ya mapaa ya watu waliochoshwa na bei ya umeme. Ukitaka kujua mwelekeo wa Afrika, tazama bandarini pamoja na ripoti za mabenki.

Jua la Dodoma ni kali kuliko la Ujerumani. Kwa nini fedha zinakwenda Ujerumani?

Kwa sababu jua ni la bure na fedha si za bure. Mtambo wa jua hauna mafuta ya kununua kila mwezi. Karibu gharama yake yote hulipwa siku ya kwanza, kwa hiyo bei ya umeme wake huamuliwa zaidi na riba kuliko na anga.

Chukua mfano wa kilowati moja ya paneli iliyogharimu dola 800 ikiwa imefungwa. Hapa Dodoma inaweza kutoa kama uniti 1,600 kwa mwaka. Ukilipa mtaji huo kwa miaka 20:

– kwa riba ya asilimia 5, unarudisha dola 64 kwa mwaka, sawa na senti 4 kwa uniti;
– kwa riba ya asilimia 15, unarudisha dola 128 kwa mwaka, sawa na senti 8 kwa uniti.

Paneli ni zilezile, fundi ni yuleyule, na umeme umekuwa ghali maradufu. Kwa makadirio ya IEA, gharama ya mtaji kwa miradi ya nishati Afrika ni walau mara mbili au tatu ya ile ya nchi tajiri. Mwekezaji anaongeza riba akiogopa mambo matatu: shilingi kushuka wakati deni lake ni la dola, mnunuzi wa umeme kuchelewa kulipa, na kanuni kubadilika katikati ya mkataba wa miaka 20. Ndiyo maana miradi mingi mikubwa barani huanza na mikopo nafuu ya taasisi za maendeleo. Mradi wa umemejua wa Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150 na kuanza na 50, ulipata mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD). Hilo la gharama ya mtaji lina uzito kuliko kampeni zote za "njooni muone fursa".

Singida ina upepo tangu tunazaliwa. Mbona mitambo haijasimama?

Upepo upo, na mipango ya megawati 100 imezungumzwa kwa miaka mingi. Mradi wa upepo wa ukubwa huo unahitaji vitu vinne vikutane: vipimo vya upepo vya walau mwaka mzima kwenye mnara wenye urefu wa karibu mita 80 au zaidi (upepo unaokusumbua barabarani si kipimo), mkataba wa kuuziana umeme, fedha, na njia ya kuutoa umeme. Kimoja kikikosekana vingine vitatu vinasubiri, na vipimo vikizeeka mkopeshaji anataka vipya.

Njia ya kutoa umeme, Singida inayo: msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, unapita hapohapo. Wenzetu Kenya walikipata kilio hiki kwa upande mwingine. Mitambo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika mwaka 2017 na njia ya umeme ikaja kukamilika 2018, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Duniani kote tatizo ni hilo: kwa dola trilioni moja inayokwenda kwenye uzalishaji, gridi inapata kama bilioni 400.

Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Bado tunahitaji jua?

Ndiyo. Mitambo yake tisa ya megawati 235 imeipa nchi nafasi ya kupumua, lakini kuegemea bonde moja la mto ni hatari mwaka ukiwa wa ukame. Jua na bwawa vinasaidiana: mchana jua likizalisha, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya saa za usiku.

Nina milioni chache tu. Naweza kuwekezaje bila kujenga chochote?

Njia iliyo wazi zaidi hapa nchini ni hatifungani za kijani (unaikopesha benki au taasisi kwa riba, kwa ajili ya miradi ya mazingira) zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatifungani ya Kijani ya benki ya CRDB mwaka 2023 ilikuwa ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka. Ilitafuta shilingi bilioni 40 ikapata zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ikatoa ya kwake ya miaka kumi kwa asilimia 13.5. Hiyo ni ya maji, kwa hiyo usidhani kila chenye jina la kijani ni umemejua. Soma waraka wa matarajio, sehemu ya matumizi ya fedha.

Hatua zenyewe si ngumu. Nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni au benki inayotoa huduma hiyo ukiwa na kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki, ufunguliwe akaunti ya dhamana (CDS). Toleo jipya likitangazwa unajaza fomu na kulipa. Toleo likishafungwa unanunua kwa mtu mwingine kupitia dalali. Shilingi milioni 5 kwa asilimia 10.25 inakupa 512,500 kwa mwaka, na mtaji unarudi mwishoni. Ukiihitaji fedha katikati unaweza kuuza, ila wanunuzi wa hatifungani za makampuni ni wachache, na riba za soko zikipanda utauza chini ya ulichonunulia.

Kuna programu ya simu inayosema nikinunua "paneli" kwao nitapata faida kila siku. Ni kweli?

Hapana. Hakuna mtambo wa jua duniani unaorudisha asilimia 2 au 3 kwa siku. Mtambo mzuri wa biashara unarudisha mtaji kwa miaka, si kwa wiki. Uliza mambo mawili: leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na mtambo uko wapi, kijiji gani, unamuuzia nani umeme. Ikiwa malipo yako yanategemea kuingiza watu wengine, ni upatu uliovalishwa jina la sola.

Tuna ekari kumi Chamwino. Tunaweza kujenga mtambo na kuiuzia TANESCO?

Ardhi ndiyo sehemu rahisi. Megawati moja ya jua inahitaji kama ekari 5, kwa hiyo ekari kumi zinatosha megawati mbili. Magumu ni haya, na mpangilio wake una maana.

Anza na umbali wa kufika kwenye laini ya kilovolti 33 na uwezo wake wa kupokea. Kama iko kilomita nane, gharama ya nguzo na waya inaweza kula faida yote ya mradi mdogo, na hapo ni bora kuacha kabla hujalipia michoro. Pili, pata barua ya TANESCO ya kukubali kimsingi kisha mkataba wa kuuziana umeme. Kwa miradi midogo isiyozidi megawati 10 kuna utaratibu wake na mikataba ya mfano iliyoandaliwa chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao ofisi zao kuu ziko hapahapa Dodoma. Tatu, hati ya ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu lazima vihusike, na muhtasari uwe na saini. Ardhi ya mdomo hakuna benki itakayoikubali. Nne, cheti cha mazingira cha NEMC. Tano, usajili au leseni ya EWURA: chini ya megawati moja leseni ya kuzalisha si lazima, lakini unajisajili.

Kosa la kawaida ni kuanza na la tatu, kununua ardhi, kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho. Baadaye wanagundua laini iliyo karibu imeshajaa.

Biashara yangu inatumia uniti 20 kwa siku, nyingi mchana. Sola inalipa?

Tufanye hesabu. Kanda ya kati tunapata wastani wa saa 5.5 hivi za jua kamili kwa siku. Ukiondoa upotevu wa joto, vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kawaida), baki na asilimia 75.

Uniti 20 ÷ (5.5 × 0.75) = kilowati 4.85. Paneli tisa za wati 550 zinakupa kilowati 4.95. Inveta ya kilowati 5 inatosha, mradi mashine zako zisiwashwe zote kwa mkupuo. Mota ya kusaga au ya kukamua alizeti huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida inapoanza.

Bei ya LUKU kwa watumiaji wa kawaida (T1) ni kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Kwa siku 300 za kazi unaokoa 20 × 300 × 356, yaani shilingi 2,136,000 kwa mwaka. Kama kazi yote bila betri imegharimu milioni 9, mtaji unarudi kwa miaka minne na kidogo. Hesabu hii ni halali tu kama umeme unautumia wakati unazalishwa. Siku duka limefungwa, umeme huo unapotea. Kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu kurudisha ziada kwenye gridi na kuhesabiwa, lakini usiiweke faida hiyo kwenye karatasi kabla hujawa na makubaliano yaliyosainiwa na TANESCO.

Mwenye nyumba ndogo aliye kwenye kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, asifunge sola akitarajia faida. Afunge kama shida yake ni umeme kukatika. Hayo ni mahitaji tofauti, na wauzaji hupenda kuyachanganya.

Nichukue mkopo?

Ndilo swali la riba ya Ujerumani limerudi dukani kwako. Milioni 9 kwa asilimia 20, miaka mitatu, riba ikipigwa kwenye salio linalopungua: rejesho ni kama shilingi 334,500 kwa mwezi. Sola inakuokolea 178,000 kwa mwezi. Tofauti ya 156,500 inatoka kwenye mauzo yako kwa miezi 36, na jumla utakuwa umelipa kama milioni 12.04. Mtaji sasa unarudi kwa zaidi ya miaka mitano na nusu, si minne.

Riba hiyohiyo ya asilimia 20 ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho bila kupungua, unalipa milioni 14.4, yaani 400,000 kwa mwezi. Tangazo litaandika "asilimia 20" kwa mikopo yote miwili. Kwa hiyo usiulize riba ni asilimia ngapi. Uliza jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi, pamoja na bima na ada ya maombi.

Betri nichukue ipi?

Kwa matumizi ya kila usiku, lithiamu ya fosfeti ya chuma. Betri za asidi ni nafuu siku ya kununua, lakini ukizishusha chini ya nusu kila siku zinachoka mapema. Joto ndilo adui: usiweke betri kwenye kibanda cha bati kinachopigwa na jua la Oktoba. Chumba chenye kivuli na hewa, ukutani, mbali na jiko.

Kwenye mitambo ya huku, nini huharibika kwanza?

Vumbi ndilo la kila mtu. Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba au Desemba hakuna cha kuosha paneli isipokuwa mikono yako. Osha alfajiri, paneli zikiwa za baridi, kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, futa paneli mpaka zikauke. Zielekeze kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Zikilazwa kabisa, vumbi na matope hukaa ukingoni na kufunika safu ya chini ya seli.

Viungio vya waya wa paneli vinaungua mara nyingi kuliko paneli zenyewe. Sababu ni kuoanisha dume la kampuni moja na jike la nyingine: vinaingia, vinabana, lakini mguso wake ni hafifu na unachemka. Kibaya kinachofanana na hicho ni kutumia breka za umeme wa kawaida upande wa paneli. Umeme mkondo mnyoofu hauzimiki kirahisi ukishapiga cheche. Dai breka zilizoandikwa DC na volti zinazotosha.

Halafu kuna paneli za kuongeza. Tisa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na volti 50 bila mzigo, ni volti 450, na asubuhi za baridi za Julai zinapanda kidogo. Inveta yenye kikomo cha volti 500 inavumilia. Mwenye duka akiongeza mbili kwenye mstari uleule inakuwa volti 550, na inveta inakufa asubuhi yenye jua zuri, nje ya dhamana.

Mwisho ethi. Udongo wetu wa kichanga ukikauka hupitisha umeme vibaya, na fimbo iliyopimwa Machi ikawa nzuri inaweza kuwa haina maana Septemba, kisha radi za Desemba zinafika. Zika fimbo ndefu, au mbili zilizoachana, na ipimwe kiangazi.

Pampu ya jua kwa shamba la zabibu la Hombolo inahitaji paneli ngapi?

Inategemea kina kuliko ekari. Kupandisha lita 20,000 kwa siku kwa mita 60 (kina cha maji kisimani pamoja na urefu wa tangi) kunahitaji uniti 3.3 za kazi halisi. Pampu na mota zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 45 ni uniti 7.3. Gawanya kwa 5.5 × 0.8, unapata kilowati 1.65: paneli nne za wati 450. Hifadhi maji kwenye tangi, si umeme kwenye betri. Pima chumvi ya maji kabla ya kununua pampu, na upate kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lako.

Marekani imebadili sera. Vifaa vitapanda au vitashuka?

Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefupisha nafuu za kodi za jua na upepo kule. Upepo wa baharini ulishayumba kabla ya hapo: kampuni ya Ørsted ya Denmark ilifuta miradi yake miwili ya New Jersey mwishoni mwa 2023, kwa sababu ya riba na ugavi. Soko kubwa likifungwa, paneli za ziada hutafuta masoko mengine, sisi tukiwemo. Lakini Desemba 2024 China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wauza paneli nje kutoka asilimia 13 hadi 9, na hilo linasukuma bei juu. Kwa mnunuzi wa Dodoma, kiwango cha dola siku ya kuagiza kinaweza kuzidi yote hayo. Omba bei ya shilingi yenye tarehe ya mwisho, usikubali "tutaangalia dola siku hiyo".

VAT inatozwa kwenye vifaa vya sola?

Jedwali la misamaha ya Sheria ya VAT limekuwa likitaja paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za sola. Nguzo za chuma, waya na kazi ya fundi ni mambo mengine. Jedwali huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo hakikisha TRA kabla ya kulipa, na dai risiti ya EFD inayotenganisha kila kifaa. Risiti ya mstari mmoja iliyoandikwa "sola kamili" haitakusaidia kwenye kodi wala kwenye dhamana.